Mafuta ya Karafuu Kwenye Sukuma Wiki: Yanaua Wadudu Vipi, na Huishia Wapi?

Jumamosi jioni nilisimama kwenye kibanda cha mama mboga wetu hapa Kasarani, Nairobi, nikachukua fungu la sukuma wiki na kulinusa. Lilinukia karafuu, kama pilau inayoanza kuiva. Nikamuuliza, "Mama, hizi zimewekwa nini?"

"Hiyo ni dawa ya asili, kastoma wangu," akanijibu. "Mkulima wangu wa Limuru aliachana na kemikali. Siku hizi anapiga mafuta ya karafuu tu. Hata ukitaka kula hapo ulipo, kula."

Maneno kama hayo yamezagaa mjini. Tangu mwaka 2025, serikali ilipotangaza kuondoa sokoni dawa kadhaa za kuua wadudu na kubana matumizi ya nyingine, kila mwenye gunia moja la mboga nyuma ya nyumba amekuwa na ushauri wake. Chemsha mchaichai. Loweka karafuu. Changanya mkaratusi na maji. Kuna wanaoapa kwamba hawatagusa tena duka la agroveti, na kuna wanaosema yote ni kubahatisha. Mimi naona wote wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakitazama vizuri. Mafuta haya yanaua wadudu, hilo limethibitishwa maabara baada ya maabara. Lakini namna yanavyoua ndiyo hiyo hiyo inayoyafanya yatoweke, na asiyeelewa hapo atapoteza pesa, mboga au vyote viwili.

Mafuta yasiyoacha doa

Chukua karatasi ya daftari. Upande mmoja weka tone la mafuta ya kupikia, upande mwingine tone la mafuta ya mkaratusi. Nililifanya jaribio hili jikoni kwangu, karatasi ikiwa juu ya meza na chai pembeni. Mwanzoni madoa yalifanana. Kisha la mkaratusi likaanza kukauka kutoka kingoni, likawa duara dogo, likawa kivuli, na saa moja baadaye nilishindwa kuonyesha lilipokuwa. Harufu yake ilikuwa imefika sebuleni. Doa la mafuta ya kupikia lilikuwepo hata kesho yake, liking'aa kama karatasi iliyofungiwa mandazi.

Hayo yaliyotoroka ndiyo ninayoyazungumzia. Nitayaita mafuta ya harufu. Mitandaoni mara nyingi huitwa "mafuta muhimu", na tafsiri hiyo imewapotosha wengi wakadhani ni mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo. Jina la Kiingereza, "essential oils", lilitokana na kiini ("essence") cha mmea, yaani ile harufu inayoutambulisha. Halihusu umuhimu hata kidogo. Mafuta ya kupikia, ya nazi, ya simsim, hata ya mwarobaini yanayokamuliwa kwenye mbegu, ni mazito na hukaa pale ulipoyaweka. Mafuta ya harufu ni mchanganyiko wa kemikali nyepesi, mara nyingi kadhaa kwa pamoja, zinazopenda kuruka hewani. Ndiyo maana unaujua mchaichai kabla hujautia mdomoni.

Kuyatoa hutumika mvuke, na anayejua chang'aa inavyopikwa tayari anaujua mtambo huu. Majani hupitishiwa mvuke wa moto, mvuke huondoka na mafuta, hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, halafu hurudi kuwa maji yenye mafuta pembeni. Mengi huelea juu. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Kisiwani Pemba kuna kiwanda kinachokeneka mafuta kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Na ukiwahi kujifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi ukiwa na mafua, ulikuwa ndani ya mtambo huo huo, ila mwishoni mwa bomba ilikuwepo pua yako.

Ukishaliona hilo, utaona kwa nini ushauri wa "chemsha mchaichai upoe, kisha nyunyiza" una kasoro kubwa. Kilo moja ya karafuu kavu inaweza kutoa gramu 150 za mafuta au zaidi. Kilo moja ya mchaichai mbichi hutoa gramu chache tu. Ukiuchemsha bila kifuniko, hizo gramu chache ndiyo ile harufu tamu inayojaza jikoni na kufika kwa jirani. Kinachobaki kwenye sufuria ni chai.

Kuna mkanganyiko mwingine nauona kila mara, wa kuweka kila dawa ya mmea kwenye kapu moja. Pareto si mafuta ya harufu. Sumu yake, pairethrini, hutolewa kwenye maua makavu kwa viyeyusho, na Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo. Mwarobaini nao hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: kiini chake huvuruga mdudu asiweze kujibambua na kukua, kwa hiyo hafi siku hiyo. Mtu aliyetumia mwarobaini akaona vidukari bado wapo asubuhi, akasema dawa za mimea hazifanyi kazi, amehukumu kitu kimoja kwa kosa la kingine.

Kinachompata mdudu

Mmea hauna miguu. Hauwezi kumkimbia kiwavi, kwa hiyo umejitengenezea silaha za hewani, na harufu tunayoipenda kwenye chai ni moja ya silaha hizo.

Mdudu hapumui kwa pua. Ana vitundu vidogo ubavuni, na hewa huingia moja kwa moja kwenye mirija inayosambaa mwilini mwake. Mvuke wa mafuta huingia humo. Tone likimgusa, hupenya pia ngozi yake yenye nta, kwa sababu mafuta na nta huelewana. Likishaingia, hulenga neva.

Hapo pana jambo zuri la kuelewa. Ukivuka Thika Road mahali pasipo na daraja, moyo hudunda kwa sababu ya adrenalini. Mdudu hutumia kemikali nyingine kwa kazi inayofanana na hiyo, iitwayo oktopamini, na ndiyo inayoamsha misuli yake, moyo wake na mwendo wake. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huvuruga mahali oktopamini inaposhikia. Ni kama king'ora cha jengo kilichokwama kikilia mfululizo: hakuna anayejua tena kama pana moto au hapana. Mdudu hutetemeka, hupoteza mwelekeo, huanguka chali. Miili yetu haiendeshwi na oktopamini kwa kiwango hicho, na hii ni sababu moja ya kweli kwa nini mafuta mengi ya harufu humdhuru mdudu kuliko mtu.

Nasema moja, kwa sababu si hadithi yote. Baadhi ya kemikali hizi hugusa pia kimeng'enya kinachozima ishara za neva, kile kile kinacholengwa na dawa nyingi kali za viwandani, na hicho hata sisi tunacho. Mafuta ya harufu hukigusa kwa nguvu ndogo zaidi, lakini hukigusa.

Halafu kuna kazi ambayo haihusu kuua. Inzi weupe huitafuta nyanya kwa macho na kwa harufu. Sasa wewe jaribu kufuata harufu ya chapati ya kibandani huku mtu anachoma tairi kando yako. Shamba linalonuka mchaichai linaweza kumchanganya mdudu asitue, au akitua asile, au akila asitage. Wakulima wengi hupima dawa kwa kuhesabu mizoga, na kwa kipimo hicho mafuta haya hushindwa hata pale yanapofanya kazi yake. Angalia majani mapya yanayochipuka wiki inayofuata. Huko ndiko jibu liliko.

Pampu moja ya mgongoni

Twende sasa kwenye hesabu, maana ndipo ndoto nyingi huvunjika. Kipimo cha asilimia 1 ni mililita 10 za mafuta kwa lita moja ya maji. Pampu ya mgongoni ya lita 20 itahitaji mililita 200. Chupa ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya mjini nyingi ni za mililita 10. Hizo ni chupa 20 kwa pampu moja! Kisha kumbuka ile karatasi: baada ya jua la mchana, sehemu kubwa imesharuka, na ndani ya siku chache unarudi shambani na chupa nyingine 20. Kwa magunia manne ya sukuma nyuma ya nyumba huko Kibera au Kangemi, unaweza kujikaza. Kwa ekari ya nyanya, kwa bei za chupa ndogo, hapana.

Tena mafuta hayachanganyiki na maji. Yanahitaji sabuni kidogo ya kuyashikanisha, la sivyo hujitenga na maji, mengi yakielea juu na ya karafuu yakizama, na unaponyunyiza, mmea mmoja unapata maji matupu na mwingine unapata mafuta matupu. Mwaka jana nilifanya kosa hilo kwenye gunia langu mwenyewe. Nilitia mafuta ya mkaratusi kwenye chupa ya kunyunyizia, nikatikisa, nikanyunyiza saa sita mchana. Kesho yake majani yalikuwa na mabaka ya kahawia yaliyokauka kama karatasi iliyoshikwa na moto wa kibiriti, na ukiyagusa yanapasuka. Nilipoligeuza jani moja lililoungua, chini yake vidukari walikuwa wamejipanga kandokando ya mshipa wa kati, kijivu, wametulia, wanaendelea kunyonya. Mafuta yale yale yanayoyeyuka ndani ya nta ya mdudu huyeyuka ndani ya nta ya jani. Tangu hapo najaribu kwanza kwenye majani mawili, nasubiri siku mbili, nanyunyiza jioni, na nanyunyiza chini ya jani.

Jioni pia kwa sababu ya nyuki. Mafuta ya harufu hayamtambui adui wa mkulima. Nyuki, yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, wote wana vitundu ubavuni na wote wana oktopamini. Afadhali ni kwamba mafuta yakisharuka, kesho yake wanaweza kurudi.

Je, kutoroka upesi ni ubaya tu? Pareto inatufundisha hapa. Pairethrini nayo huharibiwa na jua haraka. Wanasayansi walitafuta namna ya kuifanya idumu, na mwaka 1973, kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, timu ya Michael Elliott ikatangaza pamethrini, dawa ya kutengenezwa inayofanana na ile ya ua lakini inayostahimili jua. Mkulima alifurahi, kwani alinyunyiza mara chache. Lakini kinachodumu juani hudumu pia juu ya jani, na dawa za jamii hiyo ni hatari kubwa kwa samaki na nyuki. Kwa mboga inayochumwa leo na kuliwa kesho, kama sukuma yetu, dawa inayoondoka yenyewe ina thamani ambayo haionekani ukitazama wingi wa mizoga peke yake.

Kama shida ni kuruka, basi mahali pazuri pa mafuta haya ni pale ambapo hayana pa kurukia. Nilichukua mtungi wa kioo wa lita moja, nikatia punje chache za mahindi na fukusi kumi waliotoka kwenye gunia lililoharibika. Nikaning'iniza pamba yenye matone matano ya mafuta ya mkaratusi chini ya kifuniko, nikafunga. Mtungi wa pili niliuandaa vile vile, ila nikauacha wazi. Kesho yake fukusi wote wa mtungi uliofungwa walikuwa wamelala chali, miguu imekunjwa. Wa mtungi wa wazi walikuwa wakipanda ukutani, na mmoja nilimkuta dirishani.

Hapo ndipo utafiti mwingi umeyapa mafuta ya harufu alama nzuri: nafaka iliyofungiwa, na kwa kiasi fulani nyumba za kioo na za plastiki ambako mvuke hukaa kidogo. Hata hivyo, usikimbilie kuyamwaga kwenye mahindi ya kula. Punje zangu zilinuka mkaratusi kwa siku nyingi, na sijui ni nani angeula ugali ule. Mbegu za kupanda nazo zina shida, kwani mvuke mzito unaweza kuzizuia kuota. Kwa mahindi ya nyumbani, mifuko isiyopitisha hewa huwamaliza fukusi kwa kuwanyima pumzi, bila harufu yoyote, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora.

Njia nyingine ya kushinda tatizo la kuruka ni kutumia chupa isiyoisha, yaani mmea wenyewe ukiwa hai. Hapa Kasarani iko taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, waliunda katika miaka ya 1990 mfumo wa kusukuma na kuvuta. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ambayo harufu yake inaelezwa kuwafukuza nondo wa funza wa mabua. Kuzunguka shamba hupandwa matete yanayowavutia wakatage huko. Mizizi ya desmodiamu hudhibiti pia gugu la striga, ambalo ndugu zetu wa Nyanza huliita kayongo. Watafiti bado wanajadiliana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kinatokana na harufu na kiasi gani kinatokana na mambo mengine shambani. Ninachokipenda ni wazo lenyewe: mmea hutoa harufu usiku na mchana bila mtu kubeba pampu.

Rudi sasa kwenye ile kauli ya mama mboga, kwamba hata ukitaka kula hapo ulipo, kula. Kwa mafuta ya karafuu yaliyochanganywa vizuri na kunyunyizwa kwenye mboga, hofu yangu si kubwa; karafuu tunaila kwenye pilau tangu utotoni. Hofu yangu iko kwenye chupa. Mafuta yaliyokenekwa ni mmea uliokusanywa mara nyingi; kwa mchaichai, mara mia na zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi, mtoto mdogo akikinywa, kinaweza kumletea degedege. Mafuta ya karafuu yakinywewa vivyo hivyo yanaweza kuharibu ini la mtoto. Nikotini ya tumbaku ni ya asili pia, na iliwahi kutumiwa sana kama dawa ya wadudu kabla ya kuachwa kwa sababu ya ukali wake kwa watu. Asili hueleza kitu kimetoka wapi. Usalama hutegemea kiasi, njia kinavyoingia mwilini, na nani kimemwingia. Weka chupa juu, mbali na watoto, vaa glavu unapochanganya, na usiyahamishie kwenye chupa ya soda.

Na kama unanunua bidhaa iliyokwisha kuchanganywa, tafuta nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za kuua wadudu. Sheria ya Kenya inataka bidhaa inayouzwa kuua wadudu wa mimea isajiliwe na bodi hiyo, iwe imetoka kiwandani au kwenye jani. Lebo hukuambia pia siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Chupa isiyo na lebo, inayouzwa kwa neno la "asili" peke yake, inaweza kuwa na chochote ndani, pamoja na ile kemikali unayoikimbia.

Jumatatu nilirudi kibandani na kumwomba mama mboga ampigie simu mkulima wake. Akampigia, akaweka sauti ya nje, tukazungumza watatu juu ya rundo la nyanya. Mkulima alikuwa mkarimu, wala hakuficha kitu. Ananyunyiza jioni, siku moja kabla ya kuchuma. Nikamuuliza kipimo.

"Kifuniko kimoja kwa pampu nzima."

Kifuniko cha chupa yake, alisema, ni kama mililita kumi. Hiyo ni moja ya ishirini ya kile kipimo cha asilimia 1.

"Na vidukari wanakufa?"

"Wanakufa, tena vizuri sana."

"Unachanganya na nini kingine?"

"Sabuni tu, ya kufulia. Hiyo natia nyingi kidogo, robo ya kipande, ndiyo mafuta yashikane."

Nikanyamaza. Maji ya sabuni huua vidukari yenyewe: huvunja nta na utando wa mwili wao laini, wakakauka. Wakulima wameyatumia kwa vizazi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, wiki ijayo jaribu kitu kimoja. Mstari mmoja piga sabuni bila karafuu, halafu unihesabie vidukari kwenye majani kumi." Akasema atafanya hivyo Alhamisi. Mama mboga akanifungia sukuma ya shilingi ishirini, na kabla ya kuipika niliiosha kwa maji mengi.